Miguu Kwanza, Kibali Baadaye: Historia ya Njia za Kakuma

Kuna uongo mmoja unaopendwa sana na watu wanaoandika kuhusu Kakuma kwa Kiingereza. Wanasema "Kakuma" ni neno la Kiswahili, na ati maana yake ni "mahali pasipo popote". Nimeusoma kwenye makala, nimeusikia kwenye filamu, na mara moja nimeambiwa na mgeni aliyekuwa na uhakika kabisa. Sasa wewe na mimi tunaozungumza Kiswahili tujiulize: lini umewahi kumsikia mtu akitumia neno hilo hivyo? Fungua kamusi yoyote. Hakuna. Kakuma ni jina la mahali pa Waturkana, na mji ulikuwepo kabla ya hema la kwanza la mkimbizi.

Ninaanza na uongo huu kwa sababu una kazi unayoifanya. Mahali pasipo popote hapawezi kuwa na njia. Na pasipo na njia, hapahitaji ramani, wala mpango, wala afisa wa kuweka mhuri. Kumbe ukifika Kakuma, kitu cha kwanza unachokiona ni njia. Vijia vimechorwa na miguu kila upande: vinateremka kwenye mchanga wa laga, vinapanda ukingo wa pili, vinapita katikati ya miti ya mathenge hadi sokoni, shuleni, kwenye bomba la maji. Watu wanatembea asubuhi hadi usiku. Baiskeli zinasukumwa kwenye mchanga, zikifika pagumu zinapandwa.

Mimi ni mtoto wa Lodwar, na Kakuma ni kama kilomita 120 kutoka kwetu. Swali limenikaa kichwani muda mrefu: ingekuwaje kama njia ya kandokando ya Tarach, ya watu wa miguu na wa baiskeli, ingepata kibali rasmi? Iwe imechorwa, imepimwa, na haiwezi kuzibwa na mtu yeyote mwenye ua na misumari. Nilipoanza kufuatilia nani angetoa kibali hicho, nilijikuta ndani ya historia ya zaidi ya miaka mia moja. Inaonekana Turkana haijawahi kukosa watu wa kutoa vibali vya kutembea. Shida ni kile walichokuwa wakiulizwa na kile walichokuwa wakijibu.

Kwanza tuelewane kuhusu mto. Tarach si mto wa picha za kalenda. Ni laga, mto wa msimu. Huanzia kwenye miinuko ya mpakani mwa Uganda, hupita Kakuma, kisha huenda kupotelea kaskazini kwenye tambarare ya Lotikipi. Sehemu kubwa ya mwaka huoni maji, unaona mchanga mpana. Maji yapo chini, na visima vilivyochimbwa kandokando ya laga ndivyo vimewanywesha watu wa kambi na wa mji. Halafu siku moja mvua inanyesha mbali, pengine Kakuma jua linawaka tu, na maji yanashuka ya kahawia, yana magogo, yana mbuzi. Mwisho wa 2019 na tena mwisho wa 2023, mvua za vuli zilipozidi karibu Afrika Mashariki yote, Turkana ililijua hilo vizuri. Sisi wa Lodwar tuna Kawalase, laga inayoukata mji wetu. Nikiwa shule ya msingi, siku Kawalase ikishuka darasa letu lilikuwa nusu. Mwalimu hakuuliza waliokosa wako wapi. Alijua wako ng'ambo.

Kwa hiyo laga ni vitu viwili kwa wakati mmoja. Wakati wa kiangazi ni barabara, ardhi tambarare isiyo na miiba mingi, ambayo mtu, ng'ombe na baiskeli wanaitumia. Wakati wa mvua ni ukuta. Mpango wowote usiojua hayo mawili utajengwa Februari na kuondoka na maji Aprili.

Waliolijua hilo mapema ni wenyewe. Waturkana wana utaratibu unaoitwa *ekwar*. Hasa kandokando ya Turkwel, kipande cha msitu wa mtoni, chenye migunga mikubwa, huwa na familia yake. Familia hiyo ndiyo yenye haki ya kwanza juu ya maganda yanayoanguka wakati wa ukame, ambayo ni chakula cha mbuzi siku ambazo hakuna jani lingine. Haki hiyo hurithiwa. Mtafiti Edmund Barrow aliuandika utaratibu huu miaka ya 1980, wakati ambapo wataalamu wengi wa maendeleo waliamini kwamba ardhi ya wafugaji haina mwenyewe. Alichokionyesha ni kwamba ukingo wa mto ulikuwa na wenyewe, mipaka na wazee wa kuamua.

Ukiangalia kwa makini, ekwar ni mpango wa matumizi ya ardhi. Inatenganisha kupita na kukaa, na inatenganisha kuokota na kukata. Mgeni anayepita na mifugo wake kwenda majini anaeleweka, na anayetaka kuweka boma au kukata mgunga lazima aombe. Maombi yanazungumzwa chini ya mti, mbele ya watu wanaojua maji yalifika wapi mwaka upi. Hakuna karatasi, lakini kibali kipo, na aliyevunja anajulikana kwa jina na kwa ukoo.

Kisha wakaja Waingereza. Waliishinda Turkana kwa bunduki katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, wakawanyang'anya watu silaha na mifugo, na baadaye wakaifunga wilaya nzima. Chini ya sheria za wilaya za pembezoni, na ile ya utawala wa wilaya maalumu ya 1934, mtu wa nje hakuingia Turkana bila ruhusa, na mwenyeji naye mienendo yake ilikuwa mikononi mwa ofisa. Hapo ndipo swali lilipogeuka. Wazee wa ekwar walikuwa wakiuliza: unapita wapi, na utaharibu nini? Serikali ya kikoloni ikauliza: wewe ni nani, na nani kakuruhusu kuondoka ulipo?

Nafikiri si ajali kwamba nchi hiyohiyo iliyofungwa ndiyo iliyochaguliwa kuwa jela. Jomo Kenyatta na wenzake wa kesi ya Kapenguria waliletwa Lokitaung, kaskazini kabisa. Mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar, akakaa hadi 1961. Nyumba aliyokaa tunaipita kila siku. Kwa serikali ya wakati huo, Turkana ilikuwa ukuta usiohitaji kujengwa: joto, umbali na sheria ya kutotembea.

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi wa Nairobi nikiwaambia hawaamini. Uhuru ulikuja 1963, lakini sheria hizo za wilaya zilizofungwa zilibaki kwenye vitabu. Zilifutwa 1997, kwenye mageuzi yaliyofanywa kuelekea uchaguzi wa mwaka ule. Elfu moja mia tisa tisini na saba! Tayari tulikuwa na redio za FM.

Tukumbuke pia kwamba katika miaka hiyo yote kulikuwa na njia zilizopata idhini haraka: njia za malori. Norway ilisaidia kujenga barabara ya lami kutoka Kitale hadi Lodwar kabla Rais Moi hajavunja uhusiano na nchi hiyo mwaka 1990. Tangu 1989, Lokichoggio ikawa kituo kikuu cha misaada ya Sudan Kusini, malori na ndege usiku na mchana. Miaka ya karibuni barabara ya Lodwar kwenda mpakani imejengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na tunashukuru, manake zamani safari ya Kakuma ilikuwa adhabu. Lakini soma historia hiyo yote ukitafuta mtu wa miguu. Yupo pembeni, kwenye vumbi la lori, akisubiri lipite.

Na mtu wa miguu ndiye aliyeianzisha kambi. Mwaka 1991, serikali ya Mengistu ilipoanguka Ethiopia, maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa kwenye kambi za huko, wengi wao wavulana wadogo wasio na wazazi, walilazimika kukimbia tena. Walivuka mto Gilo ukiwa umefurika huku wakipigwa risasi, na wengi walikufa majini. Walitembea kupitia Pochalla, wakashuka hadi Kapoeta na Narus, wakaingia Lokichoggio mwaka 1992. Kutoka hapo wakaletwa Kakuma, na kambi ikafunguliwa mwaka huohuo. Dunia iliwaita "wavulana waliopotea". Mimi jina hilo huwa linanipa shida kidogo. Watu waliovuka mipaka mitatu kwa miguu na kufika pamoja, nani kasema walipotea?

Kambi ilipangwa kama kambi zote: haraka, na kwa kudhani kwamba watu wataondoka karibuni. Hili la kuondoka karibuni ndilo lililoamua kila kitu kuhusu njia. Kitu cha muda hakipewi barabara ya kudumu. Hema likiwa la muda, kijia nacho ni cha muda, na anayekitumia hana cha kudai. Lakini wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi. Kambi ikawa Kakuma 1, 2 na 3. Vita vya Sudan Kusini vilipolipuka Desemba 2013, ikafunguliwa Kakuma 4 mwaka 2014. Mitaa ikapata majina, kuna mpaka Hong Kong. Mwaka 2018 utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 na kukadiria uchumi wa Kakuma, kambi na mji pamoja, kuwa shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Leo Kakuma na Kalobeyei pamoja zina karibu wakimbizi 300,000. Huo ni mji mkubwa, jameni, uliokua kuzunguka laga kwa vijia ambavyo hakuna aliyeviidhinisha.

Baiskeli ziliingia hapo katikati. Boda yenyewe, kama unavyojua, ilizaliwa kwa baiskeli huko Busia miaka ya 1960, kubeba watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka. Nilipofika Kakuma mara ya kwanza nikiwa mtoto, miaka ya 2000, boda niliyopanda ilikuwa baiskeli. Kiti cha nyuma kilikuwa na sponji iliyoshonewa kitambaa chekundu, na mwenye baiskeli alikuwa kijana wa Kiturkana aliyekuwa anaongea Kiarabu cha Juba kuliko Kiswahili changu. Alijua kila mahali ambapo mchanga umeshikana. Alinipitisha ukingoni mwa laga, chini ya miti, njia ambayo gari halingeweza. Mwaka 2008 serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya 250cc, na nduthi za Kihindi na Kichina zikajaa nchi nzima, Kakuma ikiwemo. Nduthi ilirahisisha maisha, sikatai. Lakini nduthi inataka pesa.

Pesa ndiyo inayofanya jambo hili lisiwe la kimapambo. Mwaka 2025, ufadhili ulipoporomoka, mgao wa chakula Kakuma ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kinachotakiwa. Mtu aliyekuwa akiuza sehemu ya mgao wake apate nauli, sasa hana cha kuuza. Kutoka Kalobeyei hadi Kakuma ni kilomita chache tu kwenye ramani, lakini kwa mama mjamzito, saa saba mchana, jua la nyuzi 38, bila kivuli na bila njia iliyonyooka, hizo kilomita ni nyingi. Ukisikia mtu Nairobi anasema njia ya baiskeli ni starehe za matajiri wa wikendi, mwambie aje Kakuma atembee na galoni.

Kalobeyei ndipo karatasi zilipoanza kuwapata watu wa miguu. Mwaka 2015 serikali ya kaunti na jamii ya wenyeji walikubali kutoa karibu hekta 1,500 kwa makazi mapya. Safari hii wazo lilikuwa tofauti: wakimbizi na wenyeji waishi pamoja, masoko ya pamoja, shule za pamoja. Shirika la UN-Habitat lililetwa kuchora mpango, likakaa vikao na wakimbizi na wenyeji. Mpango ulihesabu watu 60,000: wakimbizi 45,000 na wenyeji 15,000. Ulikuwa na barabara, viwanja vya wazi, maeneo ya biashara. Kwa mara ya kwanza mkimbizi wa Turkana aliulizwa kitu ambacho mkazi wa mji huulizwa: barabara ipite wapi? Desemba 2018 ukazinduliwa mpango mkubwa wa maendeleo wa eneo hilo, KISEDP, chini ya kaunti na UNHCR.

Baadaye ikaja Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na Machi 2025 Rais Ruto akazindua Mpango wa Shirika, wenye lengo la kuzigeuza kambi ziwe makazi ya kawaida yenye huduma za pamoja. Kakuma nayo imepewa hadhi ya manispaa. Manispaa! Mahali ambapo kwa miaka thelathini palisemwa ni pa muda sasa pana haki ya kuwa na bodi, bajeti na mpango wa mji. Ndiyo maana swali la njia ya Tarach si ndoto tena. Linaweza kuandikwa kwenye fomu.

Basi tuliandike. Chini ya Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ujenzi kama huu unahitaji kibali cha kaunti. Kwa kuwa uko ukingoni mwa mto, Mamlaka ya Rasilimali za Maji lazima iridhike. NEMA lazima iangalie athari kwa mazingira. Pale njia inapokutana na barabara kuu, hilo ni eneo la KeNHA. Ndani ya kambi, Idara ya Huduma za Wakimbizi ina sauti. Na ardhi yenyewe, kama ardhi nyingi ya Turkana, ni ya jamii. Pale ambapo haijasajiliwa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema kaunti inaishikilia kwa niaba ya watu. Kijia cha kilomita tano kinaweza kupita mikononi mwa ofisi sita, ilhali mbuzi hukipita kwa nusu saa.

Sipingi ofisi. Kila moja ina sababu yake, na mtu akijenga daraja bovu kwenye laga watu watakufa. Lakini angalia vipengele viwili vya sheria zetu.

Cha kwanza ni siku 60. Sheria ya 2019 inasema kwamba anayeomba kibali cha ujenzi asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kinachukuliwa kuwa kimetolewa. Wazo lake ni zuri: ukimya wa afisa usiwe adhabu kwa mwananchi. Sasa fikiria vijia vya Kakuma vilivyopitwa kila siku tangu 1992. Uingereza, iliyotufungia wilaya yetu, ina sheria ya barabara ya 1980 inayosema kwamba njia ikitumiwa na umma kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi na bila kuzuiwa, huchukuliwa kuwa njia ya umma. Mkulima wa huko hawezi kuamka asubuhi akaifunga. Kwa kipimo hicho, vijia vya zamani vya Kakuma 1 vingekuwa njia za umma kabla hata kaunti ya Turkana haijazaliwa 2013.

Cha pili ni kipimo cha ukingo. Kanuni zetu za mazingira zinataka kuachwe kati ya mita 6 na mita 30 kila upande wa mto, kuanzia pale mafuriko ya juu kabisa yaliyorekodiwa yalipofika. Kwa Mto Nairobi unaweza kubishana kuhusu mita, lakini mto unauona. Kwa Tarach, ukingo wenyewe unahama. Mafuriko yanakula upande mmoja, yanaacha mchanga upande mwingine. Kumbukumbu bora ya maji yalipofika inaweza kuwa kwenye kichwa cha mzee anayekuonyesha mgunga na kusema: mwaka ule, takataka zilinasa tawi lile. Kumbe sheria ya karatasi, ili ifanye kazi hapa, inamhitaji mtu wa ekwar.

Nimejaribu kulizungumza hili na rafiki yangu aliyezaliwa kambini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa wewe unataka watuchoree njia. Wakishachora, si ndio watajua pa kutubomolea?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu historia iko upande wake pia. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliwaamuru watu waondoke kandokando ya mito ya Nairobi, na tingatinga zikapita Mathare na Mukuru. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, na hatari ya mafuriko ilikuwa ya kweli. Lakini familia nyingi zilitoka na magodoro kichwani bila pa kwenda. Neno "ukingo wa mto" lina sura mbili: linaweza kuwa bustani, linaweza kuwa amri ya kuhama. Na mkimbizi, ambaye bado anahitaji pasi kusafiri nje ya eneo alilopangiwa, anajua kuliko wengi kwamba mstari kwenye ramani huwa una mlango na huwa una askari.

Wenyeji nao wana hofu yao. Bwawa la Turkwel lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, umeme ukapita juu ya vichwa, na mtiririko wa mto uliolisha misitu ya chini ukabadilika. Mathenge uliletwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Leo umeziba kingo na njia, na miiba yake inatoboa tairi na nyayo. Mara zote hizo kulikuwa na mpango, mtaalamu na saini. Mzee wa Kiturkana akikwambia hataki mradi wa mtoni, usimwite mshamba. Ana orodha.

Hata hivyo ninabaki upande wa kibali, na sababu yangu ni hii. Njia isiyo kwenye mpango haina wa kuitetea. Mtu akijenga ghala juu yake, hakuna pa kushitaki, kwa kuwa rasmi hapakuwa na kitu. Ukichimbwa mtaro wa maji ya mvua katikati yake, hakuna atakayeweka kivuko. Nairobi ilipitisha sera yake ya watu wa miguu na baiskeli mwaka 2015, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya fedha za usafiri kwa ajili yao. Utekelezaji ni hadithi nyingine, na wewe unayeruka mitaro pale mjini unaijua. Lakini ahadi iliyoandikwa unaweza kuidai, unaweza kwenda nayo kwenye kikao cha bajeti ukainua karatasi. Kijia cha Tarach leo hakina hata karatasi ya kuinua.

Kinachonitia moyo ni kwamba mambo mawili ambayo historia iliyatenganisha yanaweza kukutana. Ekwar iliuliza unapita wapi na utaharibu nini. Pasi ikauliza wewe ni nani. Mpango wa manispaa, ukifanywa vizuri, unaweza kurudi kwenye swali la kwanza. Njia ya umma haimuulizi anayepita kama ana kitambulisho cha Kenya au cha mkimbizi. Inamuuliza tu asikate mgunga.

Kwa hiyo siku mpima atakapofika na vigingi vyake, kuna mambo ninayotaka tumkabidhi. Orodha ya miti ambayo maji yaliifikia, kutoka kwa wazee, kila mti na mwaka wake. Hesabu ya watu na baiskeli wanaopita kila kivuko kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, iliyofanywa na vijana wa kambi na wa mji pamoja. Majina ya familia zenye migunga ukingoni, na kile wanachokubali na wasichokubali. Na tangazo la mradi, ambalo sheria inataka lichapishwe magazetini, lisomwe pia kwa Kiturkana, Kiswahili, Kisomali na Kiarabu cha Juba, kwa kipaza sauti, siku ya mgao, mahali watu walipo.

Hayo yote yanaweza kukusanywa kwa wiki chache na watu wenye daftari na simu. Nimeshaanza na miti ya upande wa mjini, na hadi sasa nina kumi na moja.